Kitabu Kimekwama Ukurasa wa Ngapi?

Kichukue kile kitabu ulichokusudia kukisoma ukaishia njiani, ukitazame kabla ya kukifungua. Alama yako iko wapi? Huenda ni kipande cha risiti, huenda ni kona ya ukurasa iliyokunjwa. Huenda hakuna alama, ila kurasa za mbele zimechafuka kidogo kwa vidole na za nyuma bado nyeupe pe. Mpaka ule kati ya kurasa zilizoshikwa na zisizoshikwa ndio ushahidi wa kwanza. Kitabu kilichokwama ukurasa wa 6 hakiumwi ugonjwa mmoja na kilichokwama ukurasa wa 90, na kilichobakiza kurasa 20 kina ugonjwa wake mwingine kabisa.

Wasomaji wengi hawaanzii hapo. Hujiita wavivu, kisha wakatafuta dawa ya uvivu: ratiba kali, ahadi ya vitabu 50 kwa mwaka, kuamka saa kumi alfajiri. Ratiba ikivunjika wiki ya pili, hukumu inazidi uzito. Ilhali mtu huyohuyo anafuatilia tamthilia ya vipindi 80 bila kuruka hata kimoja. Uvumilivu anao. Kilichokosekana ni kujua kizuizi kiko wapi, na hilo linapimika.

Kipimo cha kwanza: dakika 10, vitabu viwili

Chukua kile kilichokushinda na kingine chepesi usicho na shaka nacho: mkusanyiko wa hadithi fupi, au hata kitabu cha watoto wakubwa. Keti mahali pamoja, kwa mwanga uleule. Tega kengele dakika 10, usome kile chepesi kwa mwendo wako wa kawaida, kisha uandike umesoma kurasa ngapi. Pumzika dakika 5. Fanya vivyo hivyo na kile kigumu. Mwishoni funga vyote viwili, ueleze kwa sauti, kwa sentensi mbili tu, kilichotokea katika kila kimoja.

Chepesi kikienda na kigumu kikagoma, tatizo liko kati yako na kitabu hicho: lugha yake, majina yake, umbo lake. Vyote viwili vikigoma, acha kukilaumu kitabu. Angalia macho, mwanga, saa unayosomea na simu. Na vyote viwili vikienda vizuri, basi kusoma unasoma, kinachokushinda ni kuanza au kurudi, na dawa yake haimo ndani ya kurasa hata kidogo.

Idadi ya kurasa uliyopata ihifadhi, itakusaidia kupanga. Ukurasa wa kawaida wa riwaya una maneno kama 250 hadi 300. Tuseme unatumia dakika 2 kwa ukurasa: dakika 15 kwa siku ni kurasa 7, na riwaya ya kurasa 180 itakwisha kwa siku 26. Hesabu hiyo huwatuliza watu, kwa sababu wengi hujipangia wiki moja kwa kazi ya wiki nne, kisha siku ya nane wanaona wameshindwa. Wala usijilinganishe na majedwali ya kasi ya kusoma yaliyotengenezwa kwa Kiingereza. "Sitakuambia" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza ni maneno matano. Anayehesabu maneno kwa dakika atajiona mzembe bure.

Dalili: miezi inapita, kitabu hakijafunguliwa

Mara nyingi kitabu kimehifadhiwa vizuri mno. Kiko kabatini, au juu ya rafu chini ya vingine sita, na kukifikia ni kazi. Weka nje vitabu vitatu tu: unachosoma sasa, chepesi cha siku za uchovu, na kinachofuata. Vingine vyote vifungie. Rundo la vitabu 15 mezani linakusomea hesabu ya madeni kila ukipita, na mtu akiona deni kubwa hugeuza uso.

Sababu ya pili ni kurasa za mwanzo zenyewe. Riwaya na diwani zetu nyingi hufunguliwa kwa tabaruku, shukrani, dibaji na utangulizi wa mhariri, zote zikiwa na namba za Kirumi. Utangulizi huo mara nyingi umeandikwa na mhakiki kwa ajili ya mwanafunzi: unachambua dhamira, unataja nani atakufa, unajadili mtindo wa kazi ambayo hujaionja. Msomaji mwaminifu huuanza kwa adabu, akachoka kabla ya kisa kuanza. Uruke. Nenda moja kwa moja ukurasa wa 1, sura ya kwanza. Utangulizi usome mwisho, na hapo utaufaidi kweli, kwa sababu utakuwa na la kumjibu mhakiki.

Sababu ya tatu ni kauli ya "nikipata nafasi". Nafasi haipatikani, huwekwa. Kifunge kitabu kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: chai ya asubuhi kabla ya kutoka, kusubiri pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni, zile dakika ambazo wali unapaliwa na huna la kufanya ila kungoja. Siku ya kwanza lengo liwe kurasa 2, uzisome papo hapo ulipokishika, hata kama umesimama. Siku ya pili 4. Usiongeze zaidi ya hapo wiki nzima, hata ukijisikia una nguvu. Kinachojengwa wiki hiyo ni mazoea ya mkono kukifuata kitabu.

Kama hata hivyo hakifunguki, kiazime badala ya kukinunua. Maktaba huazimisha kwa muda maalumu, mara nyingi wiki mbili, na tarehe iliyogongwa muhuri inafanya kazi ambayo ahadi yako mwenyewe haiifanyi. Rafiki anayekidai kitabu chake naye anafaa.

Dalili: umeishia kati ya ukurasa wa 5 na wa 40

Hapa ndipo vitabu vingi vinapokufa, na hapa ndipo sababu zinapofanana kwa nje huku ndani zikitofautiana. Zichunguze moja baada ya nyingine.

Anza na msamiati. Fungua kurasa tatu mahali popote, moja mwanzoni, moja katikati, moja karibu na mwisho. Katika kila moja, weka nukta ya penseli chini ya kila neno usilolijua. Walimu wa lugha waliochunguza jambo hili wanakadiria kwamba msomaji anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100 ili asome kwa raha bila msaada, na chini ya 95 maana huanza kumponyoka. Kwa ukurasa wa maneno 300, hiyo ni nukta 6 kwa raha, na nukta 15 ndiyo mwisho wa uvumilivu. Ukipata nukta 4, msamiati hauna kosa, endelea na sababu nyingine. Ukipata 10, soma bila kamusi sura nzima, kisha yatafute maneno matano tu yaliyojirudia. Ukipata 20, kitabu hicho kinahitaji ngazi: tafuta kingine cha mwandishi yuleyule au cha mazingira yaleyale kilicho chepesi, urudi kwa kile baada ya mwezi.

Kosa kubwa hapa ni kufungua kamusi kila neno. Kila ukifungua, sentensi inakatika. Ukikatika mara kumi kwa ukurasa, hujasoma ukurasa, umesoma kamusi. Na ukiitafuta kamusi kwenye simu, umeingia mtego mwingine tutakaoufikia.

Wengine huifungua kamusi wasione neno, wakadhani halimo. Limo, ila limevaa nguo nyingi. Kamusi zetu huorodhesha kitenzi kwa shina lake bila ku-, na maumbo yaliyonyambuliwa huwekwa chini ya shina hilo. Chukua "asingelihangaishwa". Vua a- ya nafsi, vua -si- ya ukanusho, vua -ngeli-, inabaki "hangaishwa". Ondoa -w- ya kutendwa, urudishe -k- mahali pa -sh- ya kusababisha, unafika "hangaika". Humo ndimo utakapolipata. Kwa nomino, angalia umoja wake: "nyufa" iko kwenye "ufa", "ndimi" kwenye "ulimi", "mbavu" kwenye "ubavu", "nyaraka" kwenye "waraka", "meno" kwenye "jino". Neno la wingi linaloanza kwa ny-, nd- au mb- lisipoonekana, jaribu umoja wa u- au wa-. Mazoezi ya siku tatu yanatosha, halafu mkono unakwenda wenyewe.

Msamiati wa lahaja ni jambo jingine, na linahitaji dawa nyingine. Aliyelelewa na Kiswahili sanifu cha shule, akaufungua utenzi wa Lamu kama ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, hukwama beti za mwanzo na kudhani lugha ni ngeni. Sehemu kubwa ni maneno anayoyajua, sauti tu zimebadilika. Ch ya Unguja mara nyingi huwa t katika Kiamu, lahaja ya Lamu: kichwa ni kitwa, macho ni mato. Nj huwa nd: njia ni ndia, njoo ni ndoo. J huwa y au hudondoka: moja ni moya, maji ni mai. Andika mabadiliko hayo matatu kwenye kipande cha karatasi ukiweke ndani ya kitabu. Kisha soma kwa sauti, na ukiweza, ghani. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mmoja mizani (silabi) nane, ulitungwa usikike. Sikio hutambua neno ambalo jicho limelikataa, na mizani ikikupita mdomoni utajua hata pale uliposoma vibaya. Yanayobaki bila kufahamika ni machache, mengi ya asili ya Kiarabu, na hayo matoleo yenye maelezo huyafafanua chini ya ukurasa. Tafuta toleo lenye maelezo. Usijitese na lisilo nayo.

Msamiati ukiwa sawa, jaribu majina. Bila kutazama, taja wahusika wanne na uhusiano wao: nani mke wa nani, nani mtoto wa kaka yake nani. Ukikwama kwa wawili, hapo ndipo penye kizuizi. Kata karatasi ukubwa wa kiganja, iwe ndiyo alama yako ya kitabu. Kila mhusika akiingia, andika jina na maneno matatu: "Bi Time, mama mkwe, hapendi". Chora mstari kati ya ndugu. Usiandike zaidi. Karatasi hiyo hujaa ndani ya kurasa 40 za kwanza, na baada ya hapo hutaihitaji sana, lakini bila hiyo riwaya ya familia kubwa yenye mashangazi na mawifi haipiti.

Kisha historia. Riwaya nyingi za Unguja zimesimama juu ya matukio ambayo mwandishi hakuona haja ya kuyaeleza. Kuli ya Adam Shafi imejengwa juu ya mgomo wa makuli wa bandarini Unguja wa mwaka 1948. Asiyejua kulikuwa na mgomo anaweza kusoma kurasa nyingi akiuliza hadithi inaelekea wapi. Dakika 10 za kusoma habari za kipindi hicho kabla ya kuanza zinatosha. Si kuharibu utamu, ni kuwasha taa.

Mwisho, umbo. Msomaji aliyezoea mkasa wenye mbio, kila sura ikimalizika kwa mshangao, hukata tamaa anapokutana na kitabu kilichojengwa kwa namna nyingine. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anasimama mbele ya mfalme kujitetea, na utetezi wake ni visa vya wajumbe sita, kila mmoja akienda upande wake na kurudi kukuta kifungo. Anayengoja kisa kigeuke, akifika kisa cha tatu huona marudio, akafunga kitabu. Anayejua kwamba marudio ndiyo hoja yenyewe, yaani kosa lilelile la watawala likithibitishwa mara sita, husoma kila safari akitafuta kilichoongezeka. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1990, haifiki kurasa 100, na wengi huichagua kwa wembamba wake. Haifuati kisa kwa mstari. Hiyo isome kama unavyosoma ushairi: kurasa 5 kwa mkao, polepole, bila kudai kila sentensi ijieleze. Wembamba wa kitabu usiufanye kipimo cha urahisi.

Dalili: macho yanapita kwenye mistari, hakiingii kitu

Umesoma aya moja mara tatu na bado hujui inasema nini. Kama kipimo cha vitabu viwili kimeonyesha vyote vinagoma, pitia haya kwa mpangilio huu, maana la kwanza hukaguliwa kwa dakika moja.

Macho. Shika kitabu kama sentimita 40 kutoka usoni. Kisogeze mbali polepole. Kama herufi zinatulia kadiri unavyokisogeza, na umepita miaka 40 au unaikaribia, lenzi ya jicho imeanza kukakamaa na unahitaji miwani ya kusomea. Hilo humpata karibu kila mtu, na wengi hukaa nalo miaka wakidhani wamepoteza hamu ya vitabu. Miwani iliyo tayari madukani huanzia +1.00 na kupanda, na huwa na nguvu sawa pande zote mbili. Kama macho yako hayalingani itakuumiza kichwa, kwa hiyo nenda ukapimwe angalau mara moja. Ukungu unaokuja na kuondoka siku hadi siku ni jambo la daktari, na kipimo cha sukari kiwe mojawapo.

Kama tangu utotoni herufi zinakuchanganya, unaruka mistari, na tahajia imekuwa mateso hata kwa maneno ya kila siku, huenda ni disleksia. Haina uhusiano na akili. Weka karatasi nyeupe chini ya mstari unaosoma, ongeza ukubwa wa herufi kama unasomea kwenye skrini, na usione haya kusikiliza kitabu kikisomwa badala ya kukisoma.

Mwanga. Taa ya katikati ya dari hutupa kivuli cha kichwa chako juu ya ukurasa. Geuza kiti ili mwanga utokee nyuma ya bega, au weka taa ndogo ya mezani au ya sola karibu na ukurasa. Tochi ya simu ni suluhisho baya umeme unapokatika: inatoa duara moja kali katikati ya karatasi nyeupe na giza pembeni, jicho halitulii. Zaidi ya hapo, simu iko mkononi.

Saa. Wengi husoma kitandani saa nne usiku, baada ya kazi, foleni, chakula na watoto. Kurasa 3, kitabu kimeanguka kifuani. Huo ni usingizi, na usingizi haudaiwi nidhamu. Hamishia kitabu kigumu asubuhi au jioni kabla ya chakula, na kitandani ubaki na kile chepesi: hadithi fupi inayokwisha kwa mkao mmoja, au shairi moja. Jaribio la siku tatu kwa saa tofauti litakuonyesha tofauti kwa idadi ya kurasa.

Simu. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, kwa sababu sehemu ya akili inabaki inaingoja. Iweke chumba kingine. Kama una mgonjwa nyumbani au watoto njiani na lazima upatikane, washa "Usinisumbue" na uruhusu simu za watu wachache tu ziite, jumbe zingoje. Na ule mtego wa kamusi ndio huu: unaichukua simu kutafuta neno moja, njiani unakuta jumbe 40 za kundi la WhatsApp la harusi, neno umelisahau. Weka nukta ya penseli, endelea, yatafute yote kwa pamoja sura ikiisha.

Kama vyote vinne viko sawa na bado hakiingii, jiulize kama una jambo zito moyoni wiki hizi: msiba, deni, mtihani wa mtoto. Akili yenye wasiwasi haiwezi kubeba kisa kirefu. Soma vifupi kwa muda huo, ungoje.

Dalili: kilikwenda vizuri, kikasimama katikati

Kwa kawaida kitabu hakikuchosha, ulikatizwa. Ulisafiri, au mwisho wa mwezi ulikubana, siku 9 zikapita. Uliporudi hukukumbuka kwa nini yule bwana alikuwa mafichoni, ukaona aibu kuanza upya na uvivu kuendelea, na hapo ndipo kilipolala.

Kinga yake ni mstari mmoja kila sura inapoisha, nyuma ya ile karatasi ya majina: "Sura ya 7, barua imefika, baba hajui". Ukikatizwa, hatua za kurudi ni hizi: soma mistari yako yote, rudi kurasa 3 nyuma ya alama, kisha endelea hata kama ukurasa wa kwanza una ukungu. Kumbukumbu nyingi hurudi zenyewe ndani ya kurasa 5. Na usimalizie mkao wako mwisho wa sura. Simama katikati ya tukio, mlango ukiwa umegongwa na hujajua nani yuko nje. Kesho kitabu kitakuvuta chenyewe.

Chanzo kingine cha kukwama katikati hutoka shuleni. Waliosoma vitabu teule kwa ajili ya mtihani wamebaki na desturi ya kusoma wakijihoji: dhamira ni ipi, tamathali ziko ngapi, nikiulizwa je? Wanarudia kila ukurasa wasije wakasahau kitu. Mwendo unashuka hadi kurasa 2 kwa dakika 10, na katikati ya kitabu mzigo unakuwa hauinuki. Kama ndiwe, jipe ruhusa ya kusahau. Soma sura nzima bila kurudi nyuma hata mara moja, kwa makusudi, kama mtu anayesikiliza hadithi ya bibi: yanayopotea hayawi mengi kama unavyohofia.

Au huenda kitabu hakikufai. Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, Marekani, ana kanuni inayojulikana sana: kipe kitabu kurasa 50, na ukishapita umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazokidai. Kwa riwaya zetu tunaona kurasa 50 ni nyingi, maana zilizo nyingi zina kurasa 120 hadi 200. Robo ya kitabu inatosha. Ukifika robo, umekagua lugha, majina, macho na saa, na bado hutaki kujua kitakachofuata, kifunge, kitoe nyumbani: mpe mtu, kirudishe, kiuze kwa muuza mitumba. Usikibakize mezani, kwa sababu kitabu kilichoachwa bila uamuzi huzuia kinachofuata kuanza.

Vitabu vya maarifa vina sheria yake: havidai kumalizwa. Fungua yaliyomo, chagua sura mbili ulizokinunulia, tumia faharasa mwishoni kufuata neno unalolitaka. Mwenye kuku wanaokufa hana haja ya sura ya historia ya ufugaji. Ukipata jibu, umekimaliza.

Dalili: zimebaki kurasa 30, haziishi

Hii huwashangaza watu, ila ni ya kawaida. Pengine umeshakisia mwisho na hamu imekwisha. Pengine ni kinyume: umewapenda wahusika na hutaki kuagana nao, kwa hiyo unavuta siku. Vyovyote iwavyo, mgawo wa kurasa 7 kwa siku haufai tena, kwa sababu mwisho umeandikwa usomwe kwa pumzi moja. Tenga saa nzima siku ya mapumziko: kurasa 30 kwa dakika 2 ni dakika 60. Zima kila kitu, umalize.

Dalili: kitabu kiko kwenye simu na hakisomeki

Chanzo karibu kila mara ni PDF. Ukurasa wake umepangwa kwa karatasi kubwa na haubadiliki. Kwenye kioo cha simu herufi zinakuwa kama sisimizi, ukikuza unalazimika kuburuta kushoto na kulia kila mstari. Baada ya kurasa 4 umechoka kuburuta, si kusoma. Tafuta kitabu hichohicho kwa EPUB, ambayo hupanga mistari upya kufuata upana wa kioo, ukuze herufi mpaka kila mstari uwe na maneno 5 au 6. Kama PDF ndiyo pekee iliyopo, lalisha simu kimlalo. Kama kurasa zake ni picha zilizoskaniwa, hata programu nzuri haiwezi kuzipanga upya. Chapisha sura moja moja, au soma kwenye kompyuta. Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na ukumbuke kupepesa. Mbele ya skrini tunapepesa kidogo kuliko kawaida na macho hukauka.

Kurudia kilicholala miaka

Alama iko ukurasa wa 74 na hujakigusa tangu mwaka juzi. Fungua hapo, soma kurasa 2. Hesabu majina ya wahusika unayokutana nayo na uone mangapi unayakumbuka. Ukikumbuka nusu au zaidi, rudi mwanzo wa sura hiyo uendelee. Ukikumbuka chini ya nusu, anza ukurasa wa 1, ukiruka utangulizi, na usizihesabu zile kurasa 74 kuwa hasara: utazipita kwa kasi zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa lugha ya mwandishi jicho lako tayari limeizoea. Alama ya zamani iache pale ilipo. Ukifika hapo, fanya kile kipimo cha dakika 10 tena, ulinganishe na namba uliyoandika mwanzo.